Nyoka Hawali Majani

Baba alipopooza upande wa kulia, nilichukua likizo ya Agosti nikaenda kumwangalia nyumbani Masinga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sina mume, kwa hiyo kaka zangu wawili waliona kazi hiyo ni yangu bila hata kuniuliza. Nilibeba nguo na riwaya moja nene ya Kiingereza niliyoitoa kwenye rundo la vitabu kuukuu mjini Machakos. Jalada lilikuwa limeng'oka, na mpaka leo sijui nani aliiandika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na ramani: koo saba, mito, ngome, na mlima ambako mfalme alifuga majoka yenye mabawa.

Siku moja baba akataka kujua nacheka nini. Nikamweleza. Kesho yake akataka niendelee, na hayo yakawa mazoea yetu. Baada ya chai ya saa nne nilimtoa nje, nikamkalisha kando ya ghala, nikawa natazama Kiingereza na kumsimulia kwa Kikamba. Neno la joka nilikosa, nikayaita nyoka wakubwa wenye mabawa. Baba alikuwa mtu wa siasa. Alizishika zile koo zote, nani kaoa wapi na nani ana kinyongo na nani, hata mimi nikichanganya alinisahihisha.

"Huyo waziri achungwe," aliniambia. "Anakubali kila kitu haraka sana."

Na kweli, mbele huko waziri akamgeuka mfalme. Baba alifurahi siku nzima.

Lakini alichokipenda zaidi ni wale nyoka, kwa sababu walisikia sauti ya mfalme peke yake. Hilo hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa na maksai wawili wa kulima, aliowafunza mwenyewe tangu wakiwa ndama. Wengine tulipiga kelele mpaka koo zikakauka. Yeye aliguna tu, na maksai wakageuka mwisho wa shamba. Sasa kila asubuhi alinyoosha mkono wake mbovu kwa kuvuta kamba niliyomfungia kwenye nguzo. Alitaka mvua za Oktoba zimkute ameshika plau.

Maksai hawakuwepo. Waliuzwa alipokuwa hospitali. Tulikutana kwa kaka mkubwa, huko Konza, na yeye akasema mzee hatalima tena, wanyama wanakaa bure. Kaka wa pili akaunga mkono. Mimi nilikunywa chai yangu. Tukakubaliana aambiwe wako Ekalakala kwa shangazi, dada yake, maana huko majani bado yapo. Kumwambia wameuzwa ilikuwa ni kumwambia hatainuka, na nani angeweza kumwambia hivyo akivuta ile kamba? Nilijitetea kwa maneno hayo kila asubuhi, na bado nafsi ilinisuta. Ilifika mahali nikawa napita nyuma ya nyumba ili nisilione zizi.

Halafu kitabu nacho kikanigeuka. Mfalme anaugua, hawezi kutoka kitandani. Wanawe wanakutana ukumbini na kuyatoa majoka yake kwa ukoo wa ng'ambo ya mto, kisha wanapokezana kukaa kando ya kitanda wakimwambia yapo mlimani, yamelala tu. Sura hiyo niliisoma jikoni peke yangu, uji ukaungua. Kesho yake nikairuka yote. Nikamwambia baba mfalme amesafiri kutafuta marafiki wa vita.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, maneno yakitoka polepole kwa upande mmoja wa mdomo, "Amesafiri, sawa. Na wale nyoka wake amewaachia nani? Si ulisema hawasikii mtu mwingine?"

Sikuwa nimejitayarisha. Mimi si mwongo wa kipaji. Kichwani mlikuwa na uongo mmoja tu, nikautoa huohuo.

"Wamepelekwa kwa dada yake, Nau," nikamwita baba kwa Kikamba chetu. " Huko majani bado yapo."

Baba alinitazama, akatazama zizi, akanirudia.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, "tangu lini nyoka anakula majani?"

Niliona aibu hata masikio yakapata moto. Nilipekua kurasa, kana kwamba jibu lilikuwa humo. Ile kamba ilikuwa mapajani mwake. Akaisukuma kwa mkono mzima, ikaanguka chini.

"Rudi nyuma," akasema. "Soma hapo uliporuka. Na usinipunguzie."

Nikasoma. Sikupunguza neno. Wana wakakutana, wakazungumza juu ya baba yao kama mtu aliyekwisha kuzikwa, wakayatoa majoka, wakaenda kumdanganya kitandani. Nilitamani anikatize, anitukane hata. Alisikiliza macho yakiwa kwenye zizi mpaka nikamaliza sura.

"Huyu mfalme hakuwa na mtoto wa kike?" akauliza.

"Alikuwa naye."

"Siku ya huo mkutano alikuwa wapi?"

Niliangalia ukurasa ingawa nilijua kilichoandikwa.

"Alikuwa hapo ukumbini, pamoja na wao."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu, Nau."