Kigari Chepesi cha Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea hapa Ndama. Mwaka jana aliunda kigari cha mbio cha watu wawili, chenye fremu ya mabomba, injini ya pikipiki na bodi ya bati jembamba. Siku ya kukijaribu, wapenda magari walijaa uani.

“Kwa wepesi huu kitaziacha pikipiki zote mlimani,” alisema dereva wa bodaboda.

“Upepo tu utakitoa barabarani,” fundi magari akampinga.

Wakabishana kwa furaha. Mimi ni muuguzi. Nimeshona vichwa vingi vya watu walioanguka wakiteremka mlima ule ulio karibu na kwetu.

“Baba watoto, breki umezijaribu?”

“Zipo, usihofu.”

Akateremka nacho mlimani. Nilisikia injini ikififia nyuma ya migomba, kisha kimya. Nikatimua mbio.

Nilimkuta bondeni, mzima, bado ameshika usukani.

“Nikishika breki kinavuta kushoto,” akanong'ona. “Nusura niingie mtaroni.”

Tulikisukuma hadi nyumbani. Wale wageni walikuwa bado wanabishana kuhusu mwendo. Mume wangu alichukua spana, akaanza kufungua magurudumu.