Alui wa Forodhani

Jirani yangu wa hapa Rebero, Kigali, anapaka ukuta wake chokaa tangu asubuhi, na harufu imeingia mpaka kwenye chai yangu. Chokaa mbichi, ile inayokausha koo. Wenzangu wakiinusa huwaza nyumba mpya. Mimi huwaza ngome, na nikiwaza ngome nakunja mdomo, maana hakuna kitu kilichonitia aibu utotoni kama ngome.

Tulikaa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, ambako baba yangu alipakia na kupakua mizigo. Kuta za mtaa wetu zote zilikuwa na rangi ya udongo, kwa sababu vumbi la Kanombe ni jekundu na halimheshimu mtu, na watu wenye akili walikuwa wameshakubaliana nalo. Baba peke yake alijenga ukuta mweupe. Tena juu akauwekea meno, jino na pengo, jino na pengo, mpaka mwisho, na kwenye kona akalaza bomba bovu la maji likielekea barabarani. Huo ndio ulikuwa mzinga. Kila kiangazi alikoroga chokaa kwenye pipa akapaka upya, na kila mvua ya kwanza ikamwaga tope jekundu juu ya kazi yake yote. Watoto wa shule walipita wakitupigia saluti. Sikuwalaumu, ningekuwa wao ningepiga pia.

Asili ya kichekesho hicho ni kwamba baba alizaliwa pwani ya Tanzania, kwenye mji mmoja mdogo wa bandari upande wa Tanga. Jina la mji nalibana, watu wake hawajanikosea kitu. Babu alikimbia Rwanda akiwa kijana, akakata mkonge huko mpaka mgongo ukagoma, ndipo akapata kazi ya kulinda jumba kuukuu la forodha, akawalea wanawe kwenye chumba cha nyuma. Kwa hiyo baba alikua kati ya forodha na ngome. Jina lake la ubatizo ni Aloisi, lakini kule, kwa maneno yake mwenyewe, mji mzima ulimwita Alui wa Forodhani. Alipohamia Rwanda akiwa mtu mzima, nchi ya kwao ambayo hakuwahi kuiona, alikuja na Kiswahili chake cha pwani, na kilimfaa huku sawasawa na kanzu ya harusi kwenye shamba la viazi.

Kila jioni tulisomeshwa mji ule. Unene wa kuta za ngome. Mlango wa forodha wenye misumari ya shaba. Mnara wa taa uliozimika zamani, makaburi ya Wajerumani chini ya mikwaju. Niliyajua yote hayo kabla sijajua mito ya Rwanda. Mama, aliyelelewa Bujumbura na ambaye bahari yake ilikuwa ni ziwa, alimenya ndizi zake bila kuinua kichwa.

"Weye Baba Keza, unatuchosha na hayo mawe yako," alisema. Keza ndiye mimi.

Na kama dharau ilikuwa ugonjwa wa nyumba yetu, aliyeuleta ni baba. Kigali haikumridhisha kwa lolote. Mji gani huu, alisema, hauna hata harufu ya chumvi. Kiswahili cha watu alikisahihisha mpaka sokoni. Muuza mkaa akisema "makaa iko," baba humjibu, "Yapo, ndugu yangu, makaa yapo," na muuza mkaa humpandishia bei. Haki yake. Kinyarwanda cha baba chenyewe kilichechemea, na akikisema wauzaji walimwita Mtanzania mbele ya macho yake.

Aliyemvumilia ni Afande, jirani yetu, askari mstaafu aliyekulia Uganda, ambaye Kiswahili chake kilitoka kambini na hakikuwa na muda wa mapambo. Jioni moja walikuwa wamekaa chini ya ule mzinga wa bomba, Afande akauliza, "Sasa Aloisi, wewe ukirudi kule, watu iko nakufahamu?"

"Watanijua kabla sijashuka kwenye basi."

"Miaka imekuwa mingi."

"Mimi ni wa kule, Afande. Utaona."

"Sawa. Utaniletea ripoti."

Baba akalichukulia lile neno kwa uzito wote. Likizo ya mwaka ule, nikiwa na miaka kumi, tukafunga safari. Tulivuka mpaka wa Rusumo, tukavuka Tanzania yote kutoka upande mmoja hadi mwingine, mama akitapika kwenye mifuko, mimi magoti yakiwa yamebanwa na kiti cha mbele. Kituo cha mwisho kabla ya kufika, baba aliingia chooni akatoka amevaa shati jeupe alilokuwa amelikunja ndani ya gazeti, nywele amezichana. Alishuka wa kwanza, akasimama mlangoni mwa basi kwa kitambo, ili aonekane. Aliyemwona ni mpiga debe tu, na alichotaka ni kubeba begi letu.

Tukaenda moja kwa moja ngomeni. Wasomaji wangu, kile kilikuwa kijumba. Ghorofa moja, chokaa imebambuka, mti umeota ukutani, na mizinga miwili iliyojazwa maganda ya machungwa. Hospitali ya Kanombe ingekimeza na bado ikabaki na njaa. Nikamgeukia baba nimuulize kama ni kwa ajili ya hiki tumechekwa miaka yote ile, nikakuta machozi yanamlengalenga, nikazidi kumdharau.

Dirishani alikaa mama mmoja mwenye mtandio wa njano, mpole, akijipepea kwa kipande cha boksi. Juu yake palikuwa na ubao: wenyeji bei yao, wageni bei yao, na ya wageni ilikuwa kubwa mara kadhaa. Baba akaegemea dirisha kwa raha ya mtu aliyefika kwao.

"Habari za leo, bibie. Wenyeji watatu."

"Karibuni sana. Naomba kitambulisho, baba."

Akatoa indangamuntu yake, maana kitambulisho kingine hakuwa nacho. Yule mama akakisoma, akakigeuza, akatabasamu kwa roho safi kabisa. "Kumbe mmetoka Rwanda. Karibuni Tanzania. Lakini baba, Kiswahili chako kizuri mno. Umejifunzia wapi?"

Baba alikichukua kitambulisho, akakifuta kwenye shati, akakirudisha mfukoni.

"Ingieni nyinyi," akatuambia. "Mimi naijua."

"Si ulipe tuingie wote?" mama alisema. "Pesa iko."

"Ingieni."

Hata "iko" ya mama hakuisahihisha. Mama akalipa bei ya wageni kwa watu wawili, na mimi palepale nikamwandika baba yangu bahili. Mtu anawaburuza mtoto na mke nchi nzima, anafika mlangoni, anaona uchungu wa noti chache. Hilo ndilo nililoingia nalo ndani.

Ndani palinuka popo. Kijana mtembezaji alitueleza habari za watumwa, za Waarabu na za Wajerumani kwa sauti ileile moja, huku akitazama simu. Hapakuwa na kitu ambacho baba hakuwa ametueleza vizuri zaidi. Nikamwacha mama na yule kijana, nikapanda juu, nikachungulia kwenye tundu la ukuta.

Kutoka pale niliiona forodha, na mlango wake ulikuwa na misumari ya shaba kweli. Barazani wazee watatu walikuwa wakicheza karata, na baba alikuwa amesimama mbele yao kwa lile shati lake jeupe. Akajigusa kifua. Akanyoosha kidole kwenye chumba cha nyuma ya jumba. Akashusha kiganja usawa wa kiuno, kuonyesha kimo cha mtoto. Mzee wa kwanza akatikisa kichwa, wa pili naye akatikisa. Wa tatu akasogea akampisha nafasi kwenye mkeka, adabu anayofanyiwa mpita njia yeyote, na baba hakukaa. Mimi huko juu nikasema moyoni: huyo, anaomba apunguziwe bei.

Tuliporudi Kanombe, Afande alikuja jioni ileile na chupa yake mkononi. "Ripoti," alisema. Nilikaa karibu makusudi, nikingoja uongo ili niwe na cha kucheka mwaka mzima.

"Waliniambia Kiswahili changu kizuri," baba alisema.

Nikacheka puani. Hata huko, nikawaza, mtu hakosi la kujisifu. Afande hakucheka. Alimtazama baba, akainamisha kichwa, akachukua bia yake mwenyewe akaimimina yote kwenye glasi ya baba. "Pole, ndugu yangu," alisema, nami nikadhani ni pole ya safari.

Kiangazi kilichofuata pipa la chokaa halikutolewa. Meno ya ukuta yakaanza kudondoka moja moja, na hatukuambiwa tena habari za pwani. Muuza mkaa alisema "makaa iko," baba akanunua akaondoka. Mama alishangaa. Mimi nilifurahi, nikaona hatimaye baba amepata akili.

Nimekuwa mtu mzima, nafanya kazi ya kufuatilia mizigo ya watu bandarini, na mwaka jana kazi ilinifikisha Tanga. Baba tulikuwa tumeshamzika. Nikapanda gari hadi kwenye mji ule, na sikujua nafuata nini. Ngome ni kijumba bado. Ubao wa bei upo bado, umepakwa rangi mpya. Dirishani alikuwa kijana mwenye adabu zake. Nikamsalimu, nikampa kitambulisho, akakisoma, akatabasamu.

"Dada, Kiswahili chako kizuri sana. Umejifunzia wapi?"

Ndipo nikakisikia kilichomwingia baba siku ile, na nikajua noti zilikuwa mfukoni mwake muda wote. Kilichomshinda ni kulipa kwa mkono wake mwenyewe bei ya mtu asiye wa pale, halafu arudi Kigali akaitwe Mtanzania. Dharau yangu yote ya utotoni nikaihamishia kwenye ule ubao, na hapo ndipo inapokaa mpaka leo.

"Nimefundishwa na mwenyeji wa hapa," nikamwambia.

"Mwenyeji yupi?"

"Alui wa Forodhani."

Kijana akafikiri kidogo, kwa heshima, akatikisa kichwa. "Simjui, dada."

"Sasa umemjua," nikasema, nikahesabu bei ya mgeni nikamwekea dirishani.