Mbuzi wa Pili wa Ntheo

Wakwe wa dada yangu walifika kwetu Mwingi mapema na mbuzi watatu wa ntheo, ambao bila wao Mkamba hahesabiwi kuwa ameoa. Mmoja huchinjwa, wawili hubaki zizini. Mama alipotoka jikoni, alikuta wa kwanza amekwisha kuchunwa.

"Nani amechinja?"

"Mimi," akasema mjomba, aliyekuwa amekuja kutoka Migwani.

"Na jirani atakula nini?"

Mjomba akatazama kisu chake. Kwetu, karamu yoyote ikiwa na jirani, mume wake ndiye huchinja. Wao ni Wasomali, Waislamu, na nyama isiyochinjwa kwa dua yao hawaigusi. Mama alipolazwa hospitalini baada ya kumzaa dada yangu, jirani ndiye aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe. Kwa hiyo siku ya ntheo dada alikuwa na mama wawili, na mama wa bi harusi asipoonja nyama, wageni huanza kunong'ona kwamba hajairidhia ndoa.

"Mpikieni samaki," mjomba akajaribu.

"Samaki wa ntheo umemwona wapi?"

Mama akamwendea mzee wa upande wa bwana harusi. "Tunachinja wa pili. Na mume wa jirani ndiye atakayemchinja."

Mzee akaegemea fimbo yake. "Mama, ntheo haichinjwi na mgeni."

"Mgeni ni wewe, mzee. Umefika leo asubuhi. Huyu tuko naye miaka ishirini na sita."

Niliogopa. Mbuzi wanaweza kurudishwa na ndoa ikavunjika, na dada yangu, aliyekuwa akichungulia dirishani, alijua hivyo. Kisha baba akaenda zizini, akamtoa beberu wa ntheo aliyetengewa yeye. Mzee akaweka fimbo chini, akamshika beberu miguu ya nyuma.

Mume wa jirani alimgeuza beberu kuelekea Kibla, akasoma dua. Nyama ilipikwa kwenye sufuria iliyotoka nyumbani kwao, juu ya mafiga yetu.

Ninaamini watu huishi pamoja hivi: mtu anaacha mbuzi wake, mwingine anaacha ubishi wake.

Jirani alichukua ubavu, akatafuna taratibu, macho yote kwake. Akameza. Akamgeukia mzee, akasema kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu:

"Nimekula. Sasa mkimtesa mtoto wangu, nitakuja kwenu mwenyewe."

Mzee akamsogezea chumvi.