Mashine Iliyofunguliwa Uani Kwangu

Bendera ilipobadilishwa, mzungu mmoja wa Diani, aliyekuwa amemwajiri mume wangu kuwa nahodha wake, alifunga nyumba akarudi kwao, akamwachia boti. Watu wa Msambweni walikuja kutupongeza kana kwamba tumepata mtoto. Mimi nilinuna. Mashine ya petroli iliyofungwa tumboni mwa ile boti ilikuwa imechoka kabisa. Maji yakianza kupwa, mkondo unatoka kwa nguvu kwenye mlango wa mwamba, ule upenyo wa kuingilia pwani, na mume wangu hawezi kuupita. Inambidi angoje huko nje mpaka maji yajae, na samaki wa watu wanaoza.

Mimi ni mtu wa Mkongani, mtu wa jembe. Kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba wangu alikuwa ameniwekea shamba lenye mikorosho na bonde la mpunga. Akatuma neno: masika yakianza sijaingia shambani, atampa binamu yangu.

Basi mume wangu nami tukapatana. Ataifungua mashine aiongezee nguvu. Ikipita mlangoni maji yakipwa, tunakaa Msambweni. Ikishindwa, tunahamia Mkongani. Nikasema sawasawa, na moyoni nilikuwa nacheka. Nani aliyewahi kumrudishia kikongwe meno?

Akaifungua uani kwangu, mbele ya mlango wa jikoni. Pistoni akazipanga juu ya kinu changu. Sufuria yangu ya wali ikawa ya kuoshea vyuma kwa mafuta ya taa. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Nilichokuwa sielewi ni hesabu yake. Mashine inataka nguvu, na yeye kila siku anapunguza chuma. Kichwa cha mashine alikipeleka Mombasa kikachongwe, kikarudi chembamba. Ati hewa na petroli vibanwe zaidi, vilipuke kwa hasira. Matundu ya pistoni yakachimbwa, yakatiwa pistoni nene kuliko zile za mwanzo. Njia za kutolea moshi akazipiga tupa, akazipanua.

"Wewe," nikamwambia, "ng'ombe aliyekonda humkati mguu ili apate nguvu."

"Mke wangu, chuma si ng'ombe."

"Hata huyo ng'ombe mwenyewe humjui!"

Halafu zikaja vali, vile vifuniko vidogo vyenye mikia. Lazima kila kimoja kikae mahali pake bila kupitisha hata pumzi. Unakipaka dawa yenye chengachenga, kisha unakizungusha kwa kijiti kati ya viganja, huku na huku, mpaka king'ae. Mume wangu alizungusha kama mtu anayeogopa kuungua. Nikavumilia asubuhi nzima. Adhuhuri nikamnyang'anya. Ala! Mimi niliyeshika upekecho wa mboga tangu utotoni, nikae nimtazame mwanamume akipekecha ovyo? Nikavuta mbuzi ya kukunia nazi, nikaketi, nikazisaga vali zote mpaka viganja vikaniwaka. Tukamimina petroli juu yake kuona kama zinavuja. Hazikuvuja hata tone.

Nikafurahi, kisha nikajiuliza nafurahia nini. Shamba lilikuwa langu, na hapa nalifukuza kwa mikono yangu mwenyewe! Nikaenda kunawa, nikagombana na kuku.

Siku ya kuijaribu, mawingu yalikuwa yameshatanda upande wa Shimba. Vyombo vya nyumbani nilikuwa nimeshavifunga kwa safari ya Mkongani. Nikasimama ufukweni na wanawake wenzangu. Mume wangu akatoka nje ya mwamba, akangoja maji yapwe, kisha akaigeuza boti kurudi. Loo, mngurumo ule! Boti ikadidimia nyuma, pua ikainuka, povu likapanda, nayo ikasimama pale pale mlangoni. Haiji wala hairudi.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akacheka mwanamke mmoja.

"Debe tupu kichwa chako!" nikamwambia. Mara nikasikia mtu anapiga ukelele, "Jikaze! Jikaze, baba!" Kumbe ni mimi, maji yamenifika magotini na kanga imelowa. Mimi niliyekuwa naomba kila siku ashindwe.

Akashindwa. Mkondo ukamrudisha nje, akangoja maji yajae kama zamani. Aliposhuka hakunitazama usoni. Akasema nguvu ipo, ila rafadha, lile panga la chini linalosukuma maji, ni ile ile ndogo. Inayakoroga maji tu. Hakujua kwamba ukiongeza nguvu juu, sharti ubadilishe na chini.

"Lakini ahadi ni ahadi," akasema. "Umeshinda, mke wangu. Kesho twende Mkongani."

Hapo ndipo nisipojielewa mpaka leo. Maneno niliyoyangoja muda wote ule ndiyo hayo, nami nikayasikia kama tusi.

"Nimeshinda nini? Vali zile nimezisaga mimi! Unataka mashine yangu ikaozee mchangani?"

"Yako?"

"Nenda Mombasa katafute rafadha!"

Akaenda. Masika yakaanza kabla rafadha haijapatikana, na binamu yangu akaingia shambani. Habari iliponifikia, nililia kutwa nzima. Mume wangu akaketi kando yangu, akaniuliza kama najuta. Nikamwambia sijui, na asiniulize tena.