Vifaranga wa Pinki

Mwewe sina ugomvi nao sana. Aliyenichosha mwaka huu ni baba yangu.

Hapa Nyanungu kila mwenye kuku wa kienyeji anajua la kufanya. Unapaka vifaranga GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Mwewe akitazama chini haoni kifaranga, anaona kidudu asichokijua, anapita zake. Na ukiwa na mzee nyumbani unamwekea kiti uani na fimbo, awafukuze wanaothubutu. Baba aliiomba kazi hiyo mwenyewe alipoacha kuchunga ng'ombe. Alisema hawezi kuwekwa ndani kama gunia.

Na ndege Baba anawajua, sikatai. Ndiye aliyenifundisha kwamba mwewe mkia wake una panda kama ya manati, na kwamba huzunguka juu mpaka umtukane uchoke. Kipanga hana hodi. Anapita chinichini kwenye migomba, na ukishtuka ameshaondoka na mtu.

Sasa vifaranga kumi na wanne wakawa kumi na mmoja, naye amekaa palepale, fimbo mapajani.

"Tata, ulikuwa unaangalia nini?"

"Naangalia ndege."

"Ndege gani, na kipanga kabeba kifaranga miguuni pako!"

Akasema kosa ni la GV. Eti ndege wa siku hizi wameizoea zambarau. Nipake pinki, tena pinki kali.

Jamani! Wiki nzima nyumba haikuwa na habari nyingine. Nikimpa shikamoo asubuhi anaitikia marahaba, hapohapo anauliza pinki nimepata? Nampa uji, pinki. Natoka shambani mgongo unaniuma, pinki! Nikamwambia kipanga hachagui nguo dukani, na kwamba akipotea kifaranga mmoja tena, kazi nampa mama jirani, yeye akapumzike ndani. Baadaye akasema taratibu, "Usininyang'anye kiti, mama. Nitafutie rangi tu."

Siku ya gulio nikanunua pakiti ya rangi ya pinki ya kutia mikeka, huku nimenuna. Ilitosha vifaranga sita. Watano waliobaki nikawapaka GV yangu ileile, nikaenda kupalilia mtama.

Mchana nikiwa jikoni nikasikia kitu kinaburutwa. Baba huyo mlangoni, fimbo kwapani, kiti mkononi.

"Chukua kiti chako," akasema. "Wameenda watano. Nimehesabu mara tatu, wako sita."

Nilitoka mbio, matusi yote yako tayari mdomoni. Mzee huyu atanitoa roho! Nikafika uani. Wale sita wa pinki walikuwa wanachakura karibu na zizi. Na palepale kiti kilipokuwa, pale alipokuwa ameweka miguu, wale watano wa zambarau walikuwa wanadonoa makombo ya ugali. Kumi na mmoja. Hakuna aliyepungua.

Niligeuka nimpe maneno yake, nikamkuta bado amesimama mlangoni, anatazama upande wa kuku kwa bidii, midomo inahesabu.

"Tata," nikasema, "wote wapo."

"Wapo wapi?"

"Hapa. Mbele yangu."

Akashusha kiti.

"Mwewe wa juu namwona, kule kweupe," akasema. "Hawa wa chini, wakiwa na hiyo dawa yako, ni udongo mtupu. Ningekwambia, ungenipeleka ndani."

Nilikasirika. Siku zote hizo nabishana naye kuhusu akili za mwewe! Nikataka kumuuliza kwa nini hakusema, lakini jibu alikuwa ameshanipa. Nikachukua kiti, nikakirudisha uani, nikamshika mkono akae. Nikamwambia gulio lijalo naleta pakiti mbili.

"Lete," akasema. Akaiweka fimbo mapajani. "Na wewe ile kanga yako nyekundu uliiweka wapi? Siku hizi nakusikia tu ukinigombeza."