Marehemu Yumo Hewani

Mtaa mzima walimwita Mama Tititi, na hawakumwonea. Ukipita dirishani kwake jioni ungesikia ti-ti-ti, taa-ti, ti-taa, ukadhani kuna panya anajifunza hesabu. Ujanani alikuwa karani wa simu za maandishi posta, zama zile habari ya msiba au ya mtoto kuzaliwa ilisafiri kwa nukta na mistari. Mitambo ile ilipoondolewa, wakampeleka dirishani kuuza stempu. Mkono ukawa unamwasha. Akaomba leseni, akajipatia redio kuukuu ya kupokea na kurusha, akatandaza waya juu ya paa, na tangu hapo akawa mtu wa hewani. Mumewe, Mungu amrehemu, aliwatania wageni: "Mke wangu ana wanaume dunia nzima, na hakuna hata mmoja anayeijua sura yake."

Kati ya hao, aliyedumu ni Fundi Saa, mtengeneza saa wa nchi ya mbali. Hawakuwahi kuonana wala kusikiana sauti. Walizungumza habari za mvua, magoti na wateja wabishi, jioni baada ya jioni, mpaka wote wawili wakaota mvi. Na watu hawa wa redio wana jambo lao: kila mmoja anagonga kitufe kwa mwendo wa mkono wake mwenyewe. Ni kama mtu akikohoa chumba cha pili, unajua huyo ni baba au ni mjomba. Majina yao ya hewani wanayataja tu kwa kuwa sheria inataka.

Kisha kikaja kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na nusu ya maneno. Maneno yakarudi, mkono ukagoma katakata. Bintiye akamhamishia kwake, na redio ikafungwa ndani ya blanketi, ikatupwa stoo pamoja na pasi mbovu.

"Daktari amesema upumzike, mama," binti alikuwa akimwambia.

"Nimepumzika mpaka nimechoka."

Mkwewe, fundi bomba, si mtu wa maneno mengi. Siku moja alimkuta mama mkwe anagonga kijiko mezani kwa mkono wa kushoto, uso umekunjamana kwa hasira. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mama," akasema, akatoka zake uani. Aliunga mabomba chakavu yakawa mlingoti, akausimamisha nyuma ya jiko, akavuta waya hadi kwenye mnara wa tangi la maji. Chini ya dirisha la stoo akafukia nondo ya kupeleka radi ardhini. Mama Tititi alikaa kiti cha mlangoni akamsimamia kama nyapara: vuta, legeza, we, usiguse bati.

"Huyu mama kapona," mkwe akamnong'oneza mkewe.

Kazi ikabaki ya kijiko. Nyumba nzima walikula kwa tititi na kunywa chai kwa tititi, hadi mkono wa kushoto ukakubali kutii. Ulitii kwa kuburuza, kama mtoto anayetumwa dukani huku anataka kucheza, lakini herufi zilikuwa zinasomeka.

Siku ya kuwasha redio ilipofika, pasi mbovu ilishahamishwa na meza imefutwa. Binti alisimama nyuma yake, mkono begani kwa mama. Mama Tititi akarusha jina lake la hewani, akaita mahali palepale hewani pa siku zote. Alichotaka ni kimoja tu: rafiki yake amjue.

Jibu likaja. Ni Fundi Saa mwenyewe. Mama Tititi akaliandika kwenye karatasi, akalisoma, akacheka hadi binti akashtuka.

*Mwenye jina hili amefariki. Tulimwomboleza hapahapa. Wewe ni nani?*

Akagonga: *Ni mimi. Nilipata kiharusi.*

*Mkono wake naujua. Huu si wake.*

Kicheko kikamkauka. Akamtajia goti lake bovu, akamtajia mteja aliyerudisha saa ileile mara tatu. Fundi Saa hakuyumba. *Hayo tuliyasema hewani. Kila mwenye masikio aliyasikia. Heshimu marehemu.*

Na kweli, angemwambia nini? Urafiki wote ule ulikuwa uwanjani mchana kweupe. Hawakuwa na siri hata moja.

"Mwache, mama," binti akasema. "Kama hataki basi."

Machozi yalimlenga Mama Tititi. Ulikuwa uchungu wa kuzikwa na mtu umpendaye. Kisha akauliza alichoona kimebaki. *Alikuwa mtu gani, huyo marehemu?*

Nukta zikaanza kuja.

*Mke wangu alipokufa sikumwambia mtu hapa hewani. Nilisema tu mvua imenyesha. Yeye akanishikilia kwa habari za mvua mpaka nikapata usingizi. Kila jioni tangu hapo. Sikuwahi kumshukuru. Nilidhani muda upo.*

Binti alikuwa anasoma juu ya bega la mama yake, naye akaanza kulia. Lakini mama alikuwa hasomi tena. Alikuwa amefumba macho anasikiliza, kisha akagonga, pole pole, kwa ule mkono wake mzito.

*Acha kulia, Fundi. Ukilia, kila ukifika kwenye mstari unauvuta mrefu halafu unaurukia unaofuata. Ulifanya hivyohivyo siku ile ya mvua. Nilijua. Sikutaka kukuuliza.*

Binti akadhani redio imezimika, akainama kuangalia taa yake, ilikuwa inawaka. Kisha likaja neno, herufi zimejikwaa hovyo, bila jina wala salamu.

*Ulikuwa wapi?*

Mama Tititi akajifuta uso kwa mkono wa kushoto, akaurudisha kwenye kitufe, akaanza kumweleza.