Kilichobaki Sufuriani

Pale uani kwetu tulimwita Mama Robo, na jina hilo alilipata kihalali. Hakuwahi kuomba kilo nzima ya kitu. Robo ya mchele, robo ya sukari, robo ya maharage, na macho hayabanduki kwenye mizani mpaka mwenye duka anune. Mimi, jirani yake wa mlango kwa mlango, nilimtania kwamba ana mkono wa birika.

"Cheka tu," alikuwa akinijibu. "Kilo ikiingia ndani inaliwa kama kilo. Robo inaliwa kama robo. Halafu ukiishiwa utanijia na kikombe."

Na kweli nilimwendea na kikombe, tena si mara moja.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi wa mtaa wa nyuma. Alisimama kutwa kwenye mvuke, kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo wa shati, na jioni miguu imemvimba. Jumamosi akishapokea ujira wa wiki alipitia sokoni, lakini si mapema. Alingoja wauzaji waanze kukunja maturubai, maana saa hiyo hakuna anayetaka kurudi na mzigo. Viazi vilishuka bei, nyanya zilizobonyea zikatolewa karibu na bure. Mumewe aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta. Alimwachia watoto wawili. Kisha akaja Bibi, mama mzazi wa Mama Robo, macho yalipoanza kumsumbua.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lingeweza kuokolewa kwa upasuaji, ila wasikawie, kwa sababu uoni ukipotea kwa ugonjwa ule haurudi. Gharama waliyotajiwa ilikuwa kubwa. Mama Robo alirudi akaketi kizingitini kwangu.

"Jirani, sina cha kuuza, na wa kunikopesha simwoni. Kodi haipungui, ada haipungui. Kinachopungua ni chakula tu. Nitabana hapo hapo."

Akajifunga kibwebwe. Kanuni yake ilikuwa moja: watu wakishakula, anafunua sufuria. Kikibaki kitu, basi walipika kingi mno, na Jumamosi inayofuata anapunguza kipimo. Pesa iliyookoka ilikwenda kwenye akiba ya jicho. Masalio yalipashwa moto asubuhi, watoto wakaenda nayo shule tumboni.

Ajabu ni kwamba kila alipopunguza, chakula kilibaki. Alipunguza mchele, ukabaki. Akapunguza maharage, yakabaki. Alikuja kunisimulia uso unamng'aa, mkono bado unanuka pasi.

"Hii ni baraka, jirani. Napika kidogo na bado hatumalizi! Bibi ndiye anayekula mwisho, na bado anabakiza."

Ilikuwa kweli kwamba Bibi alikula mwisho. Alisema anapenda kula taratibu, hataki kuwakawiza watoto. Aliketi peke yake karibu na jiko, sufuria mbele yake, akijipakulia kwa kupapasa. Ukimuuliza kama ametosheka, jibu lilikuwa lile lile: "Nimeshiba, mwanangu. Tumbo la mzee ni dogo." Alivaa gauni pana na shuka mabegani hata kwenye joto, na sisi tukasema wazee ndivyo walivyo, wanasikia baridi. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na walisema pia kwamba bandu bandu huisha gogo. Mle chumbani yote mawili yalikuwa yakitokea mbele ya macho yetu, nasi tunasifia kibaba.

Akiba ikatimia. Siku ya kwenda hospitali niliwasindikiza, Mama Robo amevaa viatu vyake vya kanisani. Muuguzi alimvua Bibi lile shuka ili ampime uzito. Nikaona mikono yake, nikageuza uso. Walitoa damu, tukangoja, daktari akatuita.

"Huyu bibi anakula nini nyumbani?"

"Tunachokula wote, daktari," alisema Mama Robo. "Tena anabakiza."

"Damu yake iko chini sana. Siwezi kumpasua akiwa hivi. Mrudisheni, ale, apate nguvu, halafu mje."

"Na jicho litangoja?"

Daktari akarudia kusoma karatasi ya vipimo, na mimi nikajua jibu. Bibi ndiye aliyesema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: "Nilikuona unajibana, mwanangu. Nikasema na mimi nikusaidie."

Mama Robo hakulia. Alikaa kwenye benchi la korido akirudia, "Nami nilikuwa nasema ni baraka." Roho iliniuma, nikakasirika, wala sikujua nimkasirikie nani. Bibi alibakiza ili binti aokoe, na binti kwa kuona kimebaki alipunguza tena. Walifuatana kushuka ngazi ile ya njaa, kila mmoja akimshika mwenzake mkono.

Jumamosi hiyo Mama Robo alinunua kilo nzima. Akanunua mayai, nyama, maziwa. Mwenye duka akamtania, "Leo mizani yangu itapata homa!" Hakucheka. Pesa ya jicho sasa ilikuwa inakwenda kwenye sahani, na sahani hailiki. Bibi alijaribu, Mungu anajua alijaribu, lakini tumbo lilikuwa limeshazoea njaa. Kijiko cha tatu kilimtapisha. Wiki zikapita, uzito ukapanda kidogo mno, na kila tuliporudi hospitali walituambia bado.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa nao wakila. Ilikuwa adhuhuri, mlango wazi, jua limejaa chumba mpaka chini ya kitanda. Mama Robo alimwekea mama yake sahani iliyojaa. Bibi akapapasa kijiko, akala viwili, akaisukuma pembeni.

"Nimeshiba, mwanangu," akasema, na safari hii alikuwa anasema kweli. Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, kwenye jua. "Lakini mbona mmekaa gizani? Kama ni kubana umeme, basi jamani, watoto wasile gizani."

Watoto wakaacha kutafuna. Mama Robo akainuka, akawasha taa.